Ushauri: vianzio vya kubahatisha vinanipa mwanzo mzuri, lakini hadithi haifiki mwisho

Ukurasa wa Pili (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Naandika hadithi fupi za maneno 1,500 hadi 2,500. Nikikosa wazo hufungua tovuti zinazotoa vianzio vya kubahatisha. Ukibofya unaletewa sentensi kama "Mwanamke anaamka katika nyumba asiyoijua" au "Mzee anapokea barua isiyo na jina". Ukurasa wa kwanza unatoka bila shida. Ukurasa wa pili kisa kinakauka, maana sijui huyo mwanamke anataka nini, wala mzee ataifanyia nini hiyo barua.

Nimeona pia watu wakishauri kubadili umbo: hadithi iandikwe kama kumbukumbu za kikao, wasia, maelekezo ya mashine na kadhalika. Sijui kama umbo geni linazaa kisa au linakipamba tu.

Naombeni mnisaidie: kianzio kinaokotwaje ili kifike mwisho? Nikiokota kibaya, nirudie mara ngapi? Na umbo lichaguliwe kabla ya kisa au baada?

Fundi Visa

Mkuu, tatizo lipo kwenye aina ya kianzio. "Mwanamke anaamka" ni tukio ambalo mtu mwingine amekwisha kulipanga, kisha akakuachia sehemu ngumu. Ndani yake mna fumbo, hamna mgongano. Fumbo lisilo na mtu mwenye shida ya kulifumbua huishia palepale linapotajwa.

Okota vitu, usiokote matukio. Gianni Rodari, mwandishi wa Italia aliyewaandikia sana watoto, aliieleza njia hii katika kitabu chake cha mwaka 1973 kuhusu ubunifu wa hadithi: unachukua majina mawili yasiyohusiana, unayaunganisha kwa kila namna lugha inavyoruhusu. Mfano wake ulikuwa mbwa na kabati. Kwetu kazi hii ni nyepesi kwa sababu tuna -a unganifu, tuna -ni ya mahali, tuna "mwenye" na "juu ya". Mbwa wa kabati. Kabati la mbwa. Mbwa kabatini. Mbwa mwenye kabati. Kila muungano unauliza swali lake.

Tengeneza karatasi ndogo 40, kila moja jina moja la kitu kinachoshikika. Usiweke upendo, haki wala uchungu, kwa sababu majina ya dhana hukubali kila kitu na hivyo hayagombani na chochote. Usiweke pia vitu vinavyokaa chumba kimoja. Ukiokota sahani na kijiko umepata meza ya chakula na hakuna zaidi. Karatasi 40 zinakupa jozi 780, kwa hiyo huna haja ya kuongeza kila wiki.

Ukipenda kutumia kamusi badala ya karatasi, jihadhari na jambo moja. Kurasa za herufi K na M ni nyingi sana katika kamusi ya Kiswahili kwa sababu ya ngeli za ki- na m-. Ukifungua ovyo utajikuta unarudi kwa watu, miti na vyombo kila mara. Chagua herufi kwanza kwa kura, ndipo ufungue ukurasa ndani ya herufi hiyo, uchukue jina la kwanza linaloshikika.

Sasa tuchukue jozi moja tuifuate: ngazi na muhuri. "Muhuri juu ya ngazi" haunipi kitu, ni muhuri uliosahauliwa. "Ngazi ya muhuri" nayo haisemi. "Ngazi yenye muhuri" inaanza kusema: nani anagonga ngazi muhuri? Karani wa vipimo. Kwa nini ngazi zipimwe? Kwa sababu urefu wake una kikomo kisheria. Kwa nini kikomo? Kwa sababu kuna ukuta. Tazama, ukuta haukuwa kwenye karatasi yoyote. Umetoka kwenye kulazimisha majina mawili yakae pamoja.

Hapo bado usiandike. Jibu maswali matatu, kila moja kwa sentensi moja. Nani anataka nini? Karani anataka kustaafu mwisho wa mwezi bila doa. Akipata, nani atapoteza? Seremala aliyetengeneza ngazi iliyozidi kipandio kimoja, naye ni shemeji yake. Kwa nini leo na si wiki ijayo? Kwa sababu ukaguzi wa mwisho ni leo jioni na ngazi imeegemezwa uani, kila mtu anaiona. Swali la tatu ndilo watu wanaliruka, na ndilo linalokausha ukurasa wa pili. Bila kikomo cha muda, mhusika hana sababu ya kutenda.

Ukishindwa kulijibu swali la tatu kwa dakika kumi, badili muungano (jaribu -ni, jaribu "bila"), karatasi ziache zilezile.

Kete Sita

Naongezea upande wa bahati yenyewe, kwa sababu wengi huitengeneza vibaya.

Ukiandika jedwali la vianzio 11 na kurusha dadu mbili kisha ukajumlisha, jedwali lako linapendelea. Jumla ya 7 inapatikana kwa njia 6 kati ya 36. Jumla ya 2 ina njia 1 tu, na 12 vivyo hivyo. Vianzio vya katikati vitakurudia, vya pembeni hutaviona. Afadhali usijumlishe: dadu ya kwanza iwe safu, ya pili iwe mstari. Unapata vianzio 36 vyenye uwezekano sawa. Tumia dadu za rangi mbili ili usichague mwenyewe ipi ni ya kwanza baada ya kuona matokeo.

Orodha ninazozipendekeza ni tatu za vitu sita sita, kila moja na dadu yake: kazi ya mtu, kitu, na kizuizi. Dadu tatu, michanganyiko 216. Kizuizi kiwe cha vitendo: "haruhusiwi kusema jina lake", "ana saa mbili", "mlango unafunguka kwa nje tu". Kizuizi kama "ana huzuni" hakizuii kitu.

Kuhusu kurudia: mara moja tu, tena unabadili kimoja kati ya vitatu na viwili vinabaki. Sababu ni hii. Ukijiruhusu kurusha hadi upendezwe, unachokubali mwishoni ni kile ulichokuwa unakiwaza tangu mwanzo, na dadu haijafanya kazi yoyote. Kianzio kinachokuchukiza kidogo ndicho chenye faida, maana hujawahi kukiandalia jibu.

Karani wa Kikao

Umbo kabla ya kisa au baada? Kabla, na kisa kitokane na kile ambacho umbo linakataza. Hilo ndilo linalotenganisha umbo linalozaa na umbo linalopamba.

Chukua kumbukumbu za kikao. Zina sehemu zinazojulikana: waliohudhuria, wasiohudhuria kwa taarifa, wasiohudhuria bila taarifa, ajenda, yatokanayo na kikao kilichopita, mengineyo, kufunga. Mwandishi wake ni katibu, na katibu haruhusiwi kueleza anavyojisikia. Basi hisia zote zipite kwenye vichwa hivyo.

Andika vikao vitatu. Kikao cha kwanza, mweka hazina yuko kwenye wasiohudhuria kwa taarifa. Cha pili, yuko bila taarifa. Cha tatu, jina lake halimo kwenye orodha yoyote, na chini ya "yatokanayo" kuna mstari mmoja: "Wajumbe walikubaliana kwamba hakukuwa na yatokanayo." Msomaji amekwisha kuelewa, na katibu hajasema kitu. Umbo limefanya kazi ambayo kurasa nne za maelezo zisingeifanya.

Kabla ya kuchagua hati yoyote, jiulize nani anaiandika, anamwandikia nani, na angeadhibiwa kwa kuandika nini. Wasia: mwandishi anajua utasomwa akiwa hayupo, kwa hiyo anaweza kusema alichoogopa kusema, lakini hawezi kujibiwa. Maelekezo ya mashine: anayeyaandika anakisia makosa ya mtumiaji, kwa hiyo kila onyo linadokeza kwamba kuna mtu alikwisha kufanya hivyo na kuumia. Orodha ya vitu vilivyookotwa: mwandishi hajui wenyewe, msomaji anaweza kuwatambua.

Makosa yanayoua aina hii ni mawili. La kwanza, katibu kuanza kuandika "kwa uchungu mkubwa moyoni". Mara hiyo hati imegeuka hadithi ya kawaida yenye vichwa vya habari. La pili ni urefu. Hati huchosha haraka, kwa hiyo ukipita maneno 1,200 unahitaji hati ya pili inayopingana na ya kwanza: barua ya mjumbe anayedai kikao hakikufanyika, kwa mfano.

Mizani Nane

Msisahau utanzu wetu wenyewe. Utenzi umezoeleka kwa vita, safari na mawaidha. Upe jambo lisilozoeleka, mathalani lifti iliyokwama na watu watano ndani. Mishororo minne kwa ubeti, mizani nane kwa kila mshororo, mitatu ya kwanza iwe na kina kimoja na wa nne ubebe kina kinachorudi hadi mwisho wa utenzi. Hicho kina cha mwisho kichague kwa makini: ukichukua -ni utapata maneno bila kikomo kwa sababu ya mahali na amri za wengi, ukichukua kina adimu utakwama ubeti wa kumi na mbili na kuanza kupotosha kisa ili kifuate sauti.

Vitendawili pia ni hazina ya vianzio. Chukua kitendawili, tupa jibu, yaamini maneno yenyewe. "Nyumba yangu haina mlango." Sahau yai. Nani amejenga nyumba isiyo na mlango, na alikuwa ndani au nje alipomaliza ukuta wa mwisho?

Tena kuna masharti ya herufi. Georges Perec alitoa riwaya nzima ya Kifaransa mwaka 1969 bila herufi e. Sisi tukijaribu kuacha a, angalia kinachotokea. "Na", "ya" na "wa" zinaondoka. Vitenzi vingi vinaondoka kwa kuwa huishia na a. Nafsi ya tatu ya watu inaondoka, kwa sababu a- na wa- ndivyo viambishi vyake. Kinachobaki ni "siendi", "sitoki", "niende", "tule", pamoja na vitenzi kama rudi, jibu na fikiri: "nilirudi", "ulijibu". Yaani umebaki na mimi na wewe, kukataa na kuomba. Huyo tayari ni mhusika, amepatikana kabla hujawaza kisa. Usizidishe maneno 200 kwa sharti hili. Litumie kama barua fupi ndani ya hadithi kubwa.

Ukurasa wa Pili (mleta uzi)

Nashukuru sana wakuu. Nimeokota mwavuli, refa, na "mlango unafunguka kwa nje tu". Nimepata refa aliyefungiwa chumba cha kubadilishia nguo wakati wa mapumziko, ana mwavuli tu. Lakini nikiendelea kila kitu kinazidi kuwa cha ajabu: mwavuli unaongea, mashabiki wanageuka ndege. Nazuiaje hilo bila kurudi kwenye mambo ya kawaida?

Fundi Visa

Ajabu iwe moja tu. Ulichookota ndicho kiasi chote cha ajabu ulichoruhusiwa, mengine yote yafuate sheria za kila siku kwa ukali. Mwavuli ukiongea, kufungiwa hakuna uzito tena, kwa kuwa msomaji anajua lolote linaweza kutokea. Kama chochote chaweza kumwokoa refa, hakuna haja ya kumhofia.

Mpe hesabu. Mapumziko ni dakika 15. Ni nani aliyefunga mlango, na anafaidika nini kipindi cha pili kikianza na refa wa akiba? Refa anataka kutoka, au anafarijika kwamba hataamua penalti aliyoahidi? Nadhani hilo la pili lina nguvu zaidi. Hapo mwavuli unapata kazi: mpini wake unaweza kufungua dirisha la juu, naye analijua hilo tangu dakika ya tatu. Zilizobaki 12 ni za mtu anayejizuia kutumia mwavuli.

Karani wa Kikao

Na umbo lake liko mkononi tayari: ripoti ya mchezo ambayo refa huijaza baada ya kipindi cha pili. Muda, tukio, mchezaji, hatua iliyochukuliwa. Sehemu ya "maelezo ya ziada" iwe na mistari mitatu tu, na aikate mwenyewe mara mbili.

Kete Sita

Ukimaliza rasimu ya kwanza, ondoa kila kilichookotwa, kimoja kimoja, usome upya. Kama hadithi inasimama bila mwavuli, mwavuli uondoke. Karatasi zilikuwa za kukuingiza chumbani, huna deni nazo. Lakini fanya hivyo baada ya rasimu kamili. Ukiondoa katikati ya kazi umerudia kurusha kwa mlango wa nyuma.