Naomba ushauri: pedi za ngoma za zamani za Roland na moduli ya TD-17

Hamjambo ndugu zangu. Niko Kisauni, napiga ngoma za umeme kwenye bendi ya harusi. Pedi zangu ni Roland PD-8 za zamani, bado nzima kabisa, na kuna mtu wa Nyali ananiuzia moduli ya TD-17, yaani kisanduku kinachotoa sauti pedi zikigongwa, bila kishada chake cha nyaya za kuunganishia pedi, kile chenye plagi pana ya pini 25 (DB-25). Aina ya pedi najua huchaguliwa kwenye menyu ya moduli. Wasiwasi wangu ni ukingo wa pedi, wenye sauti yake mbali na ya katikati, maana kwenye chakacha siwezi kuuacha hata kidogo. Aliyewahi kuunganisha pedi hizi na moduli hiyo, je, ukingo unaitika hata ukigongwa polepole? Na kishada hicho hupatikana peke yake hapa Mombasa? Muuzaji anataka jibu kabla ya Ijumaa.