Printa ya kutolea mazoezi ya wanafunzi: tenki la wino au leza? Nipo Ipagala, Dodoma

Mwalimu_Ipagala

Mbukwenyi wadau. Printa yangu ya nyumbani imefika mwisho. Rola hazishiki karatasi, na bodi iliungua umeme uliporudi kwa nguvu. Fundi ameniambia kuitengeneza ni karibu sawa na kununua nyingine.

Nafundisha shule ya msingi, na jioni hukaa na watoto wa mtaani kwetu, darasa la nne na la saba, ninaowatungia mazoezi. Natoa kama kurasa 300 kwa mwezi, nyingi nyeusi tupu. Rangi naihitaji kwenye ramani, au mchoro wa ua na sehemu zake. Ikikaribia Septemba, darasa la saba wanapojiandaa na mtihani wa taifa, kazi inaongezeka maradufu. Halafu Juni na Desemba nakwenda kwetu Kondoa, printa inalala mwezi mzima.

Kinachonitesa ni wino. Katriji nyeusi niliyokuwa natumia imeandikwa kurasa 120, yaani haifikishi nusu ya mwezi. Ya rangi ndiyo inauma zaidi: rangi tatu zimo kwenye kikasha kimoja, njano ikiisha natupa na nyekundu na bluu zilizobaki. Baadhi ya wazazi hawa wanauza mboga Majengo, siwezi kuwaongezea mchango kila katriji inapoisha. Na sitaki kurudi kwenye kuandika ubaoni, kwa sababu saa nzima ya mtoto inaishia kwenye kunakili swali badala ya kulifikiria.

Wengine wananiambia printa ya tenki, ile unayoijaza wino wa chupa, wengine leza. Umeme huku hukatika, nina inveta ndogo ya taa na kompyuta mpakato. Nishaurini.

Fundi_Uhindini

Pole mwalimu. Anza na hesabu ya kurasa, bei ya printa ije baadaye. Chupa nyeusi ya Canon PIXMA G3410 imeandikwa kurasa 6,000. Ya Epson L3210 na L3250 ni 4,500, na zile tatu za rangi kwa pamoja 7,500. Kwa kurasa zako 300, chupa ya 6,000 inakupeleka miezi 20. Chukua bei ya chupa uliyotajiwa dukani, igawe kwa kurasa zake, kisha fanya vivyo hivyo kwa katriji. Fanya hesabu hiyo kwenye simu ukiwa hapo hapo kaunta. Ila ujue kipimo hicho ni cha kurasa za kawaida, si ramani iliyojaa rangi kutoka pembe hadi pembe. Tena chupa za kwanza huwahi kuisha, kwa kuwa sehemu ya wino hujaza mipira inayoupeleka kwenye kichwa, sehemu inayorushia wino kwenye karatasi.

Sasa la Dodoma yetu. Kiangazi hewa ni kavu na upepo wa vumbi haupumziki. Wino unakauka kwenye matundu ya kichwa, na matundu hayo ni membamba kuliko unywele. Printa nyingi ninazoletewa hazijaharibika, zimekauka. Zima kwa kitufe chake, usichomoe kwenye soketi. Ukizima kwa kitufe, kichwa kinarudi pembeni na kufunikwa. Umeme ukikatika katikati ya kazi kichwa kinabaki wazi, kwa hiyo ukirudi washa, iache ijipange yenyewe, ndipo uzime.

Hizi zote huingiza karatasi kwa nyuma, mdomo umetazama juu. Usiache karatasi humo usiku kucha. Toa, funga, funika kanga.

Kurasa zikitoka na mistari, safisha kichwa mara moja au mbili tu, kisha iache mpaka kesho. Kila usafishaji unamwaga wino kwenye sponji la chini, na printa ikihesabu kuwa limejaa inagoma kabisa. Nasikitika sana kuona mtu amemaliza nusu tenki kwa kubonyeza safisha, safisha.

Karani_Mtumba

Mwalimu, mimi niko upande wa leza nyeusi. Tona ni unga, haina cha kukauka. Nenda Kondoa, kaa utakavyo, rudi, washa, chapa. Katriji ya HP 85A imeandikwa kurasa 1,600, kwako ni miezi mitano na ushee, na mafundi wa kujaza tona wapo. Maandishi hayachujuki hata karatasi ikilowa. Ramani za rangi peleka steshenari, ni chache.

Fundi_Uhindini

Karani hajakosea kuhusu tona. Shida ni umeme. Leza hupasha moto ili kuyeyusha unga ushike kwenye karatasi, na hapo inavuta wati mamia. Inveta ya taa na kompyuta itazima. Printa ya tenki ikiwa kazini haifiki wati 20. Kama umeme kwako ungekuwa wa uhakika ningesema leza bila kusita.

Zabibu_Makole

Dada, la kuongezea ni moja. Usivutwe na printa za mtumba kutoka Ulaya hata zikiwa safi namna gani. Zipo zinazobagua katriji kwa kanda. Utanunua katriji mpya hapa Dodoma, printa iikatae, na ya kwao huku huipati.

Mwalimu_Ipagala

Asanteni sana. Hilo la wati limenifumbua macho, kwa sababu mara nyingi natoa mazoezi usiku umeme ukiwa haupo. Basi nabaki na tenki. Fundi, kati ya Canon na Epson ulizotaja? Watoto wangu wanashika karatasi na mikono yenye jasho, wengine wametoka kuchota maji.

Fundi_Uhindini

Hapo chukua Canon hiyo ya G. Wino wake mweusi ni wa chembe, ukikauka juu ya karatasi unavumilia maji. Epson hizo mbili zinatumia wino wa kuyeyuka kwenye rangi zote nne, pamoja na nyeusi, tone la maji likidondoka herufi zinatapakaa. Ubaya wa Canon ni kwamba kichwa chake kinafanya kazi kwa joto, kikichapa bila wino kinaungua. Tenki likishuka kwenye mstari wa chini, jaza siku hiyo hiyo.

Mwalimu_Ipagala

Nimeelewa. Binti wa jirani yangu yuko kidato cha pili, nitamwachia ufunguo likizo, atoe ukurasa mmoja wenye rangi zote nne kila wiki.

Fundi_Uhindini

Vizuri, hiyo inatosha. Mpe na rimu moja ya gramu 80, asitumie karatasi zilizokunjamana. Ukinunua, dai risiti na dhamana ya maandishi, lakini wino ukaujazie nyumbani. Ikishajazwa haitakiwi kulazwa ubavu, na bodaboda wa Ipagala tunawajua: ataibana katikati ya miguu imeinama, ufike wino umeenea ndani yote. Ikibidi kuihamisha baadaye, kodi bajaji, uipakate ikiwa imekaa sawa, vifuniko vya matenki vimekazwa.