Shughuli za jeni za bakteria wa ukoma hupimwaje?

Mwanafunzi, Upanga, Dar es Salaam:
Shikamooni wakubwa. Nimesoma kwamba Mycobacterium leprae, yaani bakteria wa ukoma, haoteshwi katika chombo chochote cha maabara. Je, watafiti hujuaje ni jeni zipi zinazofanya kazi ndani yake?

Mtaalamu wa maabara:
Marahaba, mwanangu. Hukuzwa katika nyayo za panya au katika armadilo, mnyama wa Amerika ambaye joto la mwili wake ni la chini. Bakteria huyo hugawanyika mara moja kwa takriban siku 14, kwa hiyo jaribio moja huchukua miezi mingi. Kisha RNA yake, yaani nakala ya muda ya jeni inayofanya kazi, hutolewa, hugeuzwa kuwa DNA na kupimwa kwa PCR, mbinu ya kurudufisha DNA mara nyingi ili ipimike. RNA huharibika upesi, na joto letu la Dar es Salaam halisamehe; sampuli itiwe kwenye kihifadhi mara tu inapochukuliwa.

Mtafiti, Mbezi:
Naongeza jambo linalonivutia kuliko yote. Jenomu yake, yaani jumla ya DNA yake yote, iliyochapishwa mwaka 2001, ina jeni hai takriban 1,600 na jeni zilizokufa, yaani zilizoharibika zisiweze kutoa protini kamili, zaidi ya 1,100, lakini baadhi ya hizo zilizokufa bado hunakiliwa kuwa RNA. Hivyo kuiona RNA pekee hakuthibitishi kwamba protini inatengenezwa.

Mwanafunzi:
Ahsanteni sana. Je, RNA inaweza kuonyesha kwamba dawa imemuua bakteria huyo?

Mtaalamu wa maabara:
Naam. DNA yake hubaki muda mrefu baada ya kufa, ilhali RNA hutoweka mapema.