Tupeane uzoefu: wazee wetu waliorudi kutoka vitani, nani aliwashughulikia?

Wakuu, heshima kwenu. Mzee wangu alivuka mpaka wa Uganda na JWTZ, jeshi letu la Tanzania, kwenye Vita ya Kagera, na alikuwepo Kampala ilipoanguka Aprili 11, 1979. Habari za daraja la Kyaka, Masaka na Lukaya zimeshasimuliwa sana. Mimi nataka tumwongelee askari mmoja mmoja baada ya hapo: majeruhi, mjane, mgambo aliyerudi kijijini. Mzee hakuwa mtu wa kulalamika, ila ameacha tranka la nakala za barua za kufuatilia mguu wake, karibu zote zinaanza "Tafadhali rejea barua yangu ya tarehe..." Karibuni.

Karani Mstaafu
Nilikuwa masijala, kambi moja ya kanda ya kati. Vita ilipoanza, jeshi la watu kama 40,000 lilivuka 100,000 ndani ya miezi michache. Wameingia mgambo, Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), polisi, magereza. Majalada yangeweza wapi kasi hiyo? Unafungua fomu ya kijana, penye ndugu wa karibu pameandikwa "mama". Basi.

Kuna mama alitoka Singida na picha ya mwanawe na barua ya balozi wa nyumba kumi. Jina analolitaja halimo kabisa. Wenzangu wakamwambia arudi nyumbani, ataandikiwa. Nikamuuliza, mama, kijana alisoma? Akasema aliishia la tano, aliyemaliza la saba ni kaka yake. Nikaelewa papo hapo: dogo kaingia jeshini na cheti cha kaka. Jalada tukalipata kwa jina la kaka, ambaye muda huo yuko hai kijijini analima mtama! Kazi ikawa kuthibitisha. Koplo mmoja wa kombania ile akaitazama picha: "Huyu si Mandevu?" Yeye na mwenzake wakaandika maelezo, mkubwa akasaini, mama akalipwa. Kuna waliosema tumelipa mtu aliyeghushi. Sikubishana nao, jalada nilishalifunga.

Binti wa Mgambo
Shikamoo mzee wangu. Sisi baba alikuwa mgambo, pensheni hatukuitegemea. Alirudi na shati la kombati na malaria. Usiku anaruka kitandani, anatuamrisha tulale chini. Bibi akampeleka kwa mganga, padre akaja kumwombea. Hospitali hakwenda, maana nani alijua kwamba hali ile ina daktari wake? Aliyemfaa ni jirani waliyekuwa naye huko. Jioni wanakaa nje, wanavuta sigara, maneno machache. Na ndiyo miaka ile ya foleni za sabuni na sukari. Mwalimu alituomba tufunge mkanda miezi 18, nadhani sisi wa kijijini hatujaambiwa tufungue.

Mjukuu wa Keya
Salamu kutoka Kenya. Babu alipigana Burma, Vita Kuu ya Pili, na KAR (King's African Rifles, ndiyo "keya"), jeshi la Waingereza la askari Waafrika. Kiinua mgongo cha Waingereza kilitazama cheo na rangi pia, Mwafrika akipata hadi mara tatu pungufu ya Mzungu wa cheo kilekile. Yeye alinunua ng'ombe. Nishani watoto waliichezea hadi ikapotea.

Mama Neema
Naomba kuuliza. Mume wangu alipigana Kagera, amefariki mwaka jana. Ndoa yetu ni ya kimila, cheti hakuna. Ofisi moja wameniambia jalada lake halionekani. Naanzia wapi?

Karani Mstaafu
Pole sana mama. Anza na kikao cha ukoo, muhtasari usainiwe na wote, na wakutambue humo kama mjane wake. Chukua huo na cheti cha kifo, nenda Mahakama ya Mwanzo ufungue mirathi. Waliohudhuria mahari wawe tayari kutoa ushahidi. Namba yake ya jeshi iandike juu ya kila karatasi, jina peke yake halitoshi, hao akina Juma walikuwa wengi mno. Na hao wanaosema jalada halionekani, waombe wakuandikie hivyo kwa barua yenye mhuri na jina la aliyetafuta. Mara nyingi hapo ndipo huonekana.