Wakroati wa Janjevo walidumuje karne zote hizo, kisha wakaondoka ndani ya muda mfupi?

Mwana wa Katuba (Lubumbashi):
Ndugu zangu, nimesoma kuhusu Janjevo, mji mdogo wa machimbo ulioko Kosovo, ambako Wakroati wameishi tangu zama za kati wakizungukwa na Waalbania na Waserbia. Parokia yao imetajwa katika barua ya Papa Benedikto wa 11 ya mwaka 1303. Huku Katanga tunajua jinsi machimbo yanavyokusanya watu, lakini wajukuu wetu husahau lugha ya babu upesi. Wao waliwezaje, na kwa nini leo wamebaki wachache?

Papa Kalala:
Mwanangu, anza na madini. Machimbo ya fedha ya Novo Brdo, karibu na hapo, yaliwavuta wafanyabiashara wa Dubrovnik, mji wa bandari ulioko Kroatia ya leo, ambao watu wa Janjevo huwahesabu miongoni mwa mababu zao. Baadaye walijulikana kwa kuyeyusha metali na kutengeneza misalaba, pete na vitu vidogo vya kuchuuza mbali na nyumbani. Nimemtazama fundi wa hapa akimimina shaba: mchanga wenye unyevu hushindiliwa kuzunguka mfano, mfano huchomolewa taratibu, na mkono ukitikisika kidogo tu, kazi yote imeharibika. Ufundi wa namna hiyo mtoto huupata kando ya baba yake, kwa lugha ya baba yake.

Mama Ngoy:
Papa, samahani, umeliacha kanisa. Kule Letnica, kijiji kingine cha Wakroati wa Kosovo, hija ya tarehe 15 Agosti huwaleta kwa Bikira Maria hata Waislamu. Mama Teresa, mzaliwa wa Skopje, alikwenda kuhiji huko alipokuwa msichana. Imani iliwatunza bila kuwafungia ndani.

Mtoto wa Likasi:
Nijibu la wachache. Yugoslavia, nchi iliyojumuisha Kosovo na Kroatia, ilipovunjika mwaka 1991 na vita vikafuata, wengi walihamia Kroatia, hasa mtaa wa Dubrava jijini Zagreb, ambako wenzao waliotangulia walikwisha kufungua maduka. Mwaka 1997 familia nyingine zilipelekwa Kistanje, mji mdogo huko huko Kroatia, na baadhi zikaingia katika nyumba za Waserbia waliokimbia mwaka 1995. Mkimbizi akakabidhiwa mlango wa mkimbizi mwenzake. Wazazi wangu ni Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, waliofukuzwa Likasi mwaka 1992, na mpaka leo mama huuliza ni nani anayechuma maembe ya lupango letu, yaani kiwanja cha nyumba yetu.