Rekodi za ligi tangu msimu wa kwanza: daftari, Excel au hifadhidata?

MtupaDadu: Wakuu, ligi yetu ya Strat-O-Matic (besiboli ya mezani, ya dadu na kadi za wachezaji halisi) inaingia msimu wa 12. Mitatu ya mwanzo iko kwenye daftari, iliyobaki kila mmoja una faili lake. Sasa ubishi: nani anaongoza kwa homurani (pigo la kuzunguka vituo vyote) tangu tuanze? Kila mtu ana jibu lake. Ninyi mnatunzaje?

BabuWaKadi: Mimi ni wa APBA, mchezo mwingine wa aina hiyo, na kalamu. Daftari usilitupe, pakitokea ubishi ndiyo ushahidi wako. Ila kujumlisha misimu 12 humo ni adhabu.

MstariMmoja: Excel inatosha, tatizo ni mpangilio. Acha mambo ya ukurasa kwa kila msimu. Tengeneza mmoja mrefu: mstari mmoja ni mchezaji mmoja, msimu mmoja, timu moja. Aliyehamishwa katikati ya msimu anapata mistari miwili. Jumla zote zitoke kwenye fomula, usiziandike kwa mkono. Na usichukue wastani wa wastani! Aliyepiga 3 kati ya 10 (.300), kisha 100 kati ya 500 (.200), si mpigaji wa .250. Ni 103 kati ya 510, yaani .202.

MtupaDadu: Aisee. Sisi tumekuwa tukiandika .250 miaka yote.

Theluthi: Basi na warushaji wenu nao mmewaharibu. 6.1 ni iningi (vipindi vya mchezo) sita na theluthi moja, kwani iningi moja ni auti tatu, yaani wapigaji watatu kutolewa. Jumlisha 6.1, 5.2 na 7.2 uone: Excel itakupa 18.5, iningi ambayo haipo duniani. Jibu ni 19.2. Dawa yake ni kuhifadhi auti: 19 + 17 + 23 = 59. ERA (wastani wa ranzi, yaani pointi, anazoruhusu mrushaji kwa iningi tisa) utaipata kwa kuzidisha ranzi halali kwa 27, kisha ugawe kwa auti.

Funguo: Mimi nilihamia SQLite, programu ya hifadhidata, kwa sababu ya majina. Timu ya Mets ya 1962 ilikuwa na warushaji wawili, wote wakiitwa Bob Miller. Timu hiyohiyo ilikuwa na Frank Thomas, ambaye siye Frank Thomas mwingine, wa timu ya White Sox. Fomula inayotafuta jina itawachanganya bila hata kukuonya. Mpe kila mchezaji namba yake. Hifadhidata pia unaweza kuiwekea sharti ikatae mstari unaojirudia. Msidharau hilo: mchezo mmoja wa mpigaji Ty Cobb wa 1910 ulihesabiwa mara mbili, ndiyo maana mpaka leo kuna wanaomwandikia mapigo 4,191 kwa maisha yake yote ya uchezaji na wengine 4,189.

BabuWaKadi: Na mpigaji Hack Wilson wa 1930 aliongezewa RBI (ranzi inayotokana na pigo lake) moja mwaka 1999, kutoka 190 hadi 191. Kwa hiyo msioneane aibu kurekebisha.

MstariMmoja: Namba za wachezaji hata Excel inazibeba, Funguo. Kwa ligi ya watu wachache, SQLite ni kumchinja kuku kwa shoka.

Funguo: Shoka langu halijawahi kunipa Bob Miller mmoja.

MtupaDadu: 😂 Naanza na Excel, lakini kwa namba na auti, ili kuhama baadaye kuwe rahisi. Swali la mwisho: daftari la msimu wa 2 lina kurasa zilizochanika. Niweke sifuri?

Theluthi: Hapana! Sifuri inasema alicheza akakosa. Acha wazi, na kwenye orodha ya vinara weka nyota kwa kila aliyecheza msimu huo.