Kanjo wamemshika, kesho ni Korti ya Jiji: alipe faini au akane?

MkaziWaUmoja
Wakuu, salaam. Kijana wetu amebebwa na kanjo (askari wa kaunti ya Nairobi) leo Alhamisi mchana pale barabara ya Tom Mboya. Wanasema alikuwa anakojoa kando ya jengo, yeye anasema alikuwa anapita tu. Yuko seli, na kesho anafikishwa Korti ya Jiji, City Hall. Faini inaweza kufika ngapi? Inalipwa vipi? Na akikana, atawekwa rumande? Kuna jamaa ametupigia akisema tumtumie 2,500 kwa simu yake "faini iishe usiku huu".

Karani_Mstaafu
Hiyo 2,500 msitume. Faini hutozwa na hakimu peke yake, baada ya mshtakiwa kukiri au kupatikana na hatia. Kanjo hana faini ya kutoza, polisi hana, na "mtu wa ndani" ndiye hana kabisa.

Kinachoweza kulipwa usiku huu ni dhamana ya kituo. Nendeni kwenye kaunta, ulizeni namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituo) na kosa aliloandikiwa, halafu ombeni dhamana. Mkitoa pesa, msiondoke bila risiti rasmi yenye kiasi na jina la mlipaji, na mwambiwe siku na korti atakayofika. Pesa hiyo hurudishwa kesi ikiisha, na hurudishwa kwa mwenye jina kwenye risiti. Kama mama ndiye ametoa, liandikwe jina la mama kama lilivyo kwenye kitambulisho chake. Risiti ya jina la utani itawasumbua miezi.

Asubuhi someni hati ya mashtaka kabla hajaitwa. Angalieni kosa limeandikwa chini ya sheria gani, kwa sababu adhabu inatoka hapo. Sheria ya Kero za Umma ya Kaunti ya Nairobi ya 2021 inaweka kiwango cha juu cha 10,000 au jela miezi sita, au vyote viwili. Aliyeshikwa akivuta sigara mahali pa umma akishtakiwa chini ya Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007, kiwango cha juu ni 50,000. Watu wawili wanaweza kushuka kwenye gari moja la kanjo wakiwa na hatari tofauti kabisa mfukoni.

Na kiwango cha juu si bei. Hakimu huangalia kama ni kosa la kwanza, umri, kazi, na amekaa seli muda gani.

Wakili_Pembeni
Nianzie kwenye kukiri, maana hapo ndipo watu hujimaliza.

Foleni ya asubuhi huenda kasi. Shtaka linasomwa, unaulizwa ni kweli au si kweli. Ukisema "ni kweli", mwendesha mashtaka anasoma maelezo ya kosa, unaulizwa tena kama maelezo ni sahihi, halafu unapigwa faini. Tangu hapo huwezi kukata rufaa dhidi ya kupatikana na hatia. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, kifungu cha 348, inakuachia rufaa ya ukubwa au uhalali wa adhabu tu, ndani ya siku 14. Wanaoambiwa seli "kiri tu uende nyumbani" hawaambiwi sehemu hiyo.

Jibu la hatari zaidi ni "ni kweli, lakini…". Kama hakukojoa, aseme "si kweli" na anyamaze. Akianza kueleza kwamba alikuwa amesimama pale na suruali ilikuwa inalegea, karani ataandika anachosikia. Na asipoelewa lugha inayotumika aseme mara moja. Mkalimani ni haki yake bila malipo.

Kuhusu rumande: Katiba, Ibara ya 49(2), inasema mtu hawekwi rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi sita. Kosa la kijana wenu liko ndani ya mpaka huo. Akikana na korti ikaanza kuzungumzia dhamana kubwa, aitaje ibara hiyo kwa heshima, kwa namba.

Baada ya kukana, aombe maandishi ya mashahidi na ushahidi mapema. Kesi hizi huegemea askari mmoja au wawili, kwa hiyo yaulizwe mambo ya kupimika: alisimama umbali gani, jengo lipi, saa ngapi, aliona nini hasa, walikamatwa wangapi kwa pamoja. Askari aliyebeba watu kumi na watano mchana mmoja mara nyingi hamkumbuki wa saba. Asipofika tarehe ya kusikilizwa, kumbusheni kifungu cha 202 cha Sheria hiyo ya Mwenendo wa Kesi za Jinai. Hakimu anaweza kumwachilia huru mshtakiwa na kesi ikaishia hapo, ingawa anaweza pia kuahirisha akiona kuna sababu. Tofautisheni hilo na kuondolewa kwa kesi chini ya 87(a), ambako mtu anaweza kushtakiwa upya.

Gharama ya kukana ni muda. Mtu wa kibarua akirudi kortini mara nne kwa kosa ambalo angetozwa 1,000, hesabu inaweza kumkataa. Lakini kama kazini wanataka cheti cha tabia njema, mimi singekiri kosa ambalo sikulitenda.

MamaTao
Malipo sasa. Kortini hakuna kutoa noti. Faini ikishatamkwa, mtu wa nje aende rejista au kwa karani wa korti hiyo achukue invoisi. Paybill na namba ya akaunti zimeandikwa humo. Zifuateni hizo tu, si za SMS. Kabla ya kubonyeza PIN linganisheni namba ya kesi, jina la mshtakiwa na kiasi. Tarakimu moja ikikosewa, pesa inaingia kwenye kesi ya mtu mwingine, na yenu inaendelea kusoma kwamba haijalipwa.

Ujumbe wa M-Pesa peke yake haumtoi mtu. Rudini rejista mchukue risiti, na hakikisheni amri ya kuachiliwa imemfikia anayemshikilia. Mkichelewa hadi jioni, wanaume huwa wameshapandishwa gari kwenda gereza la Industrial Area na wanawake la Lang'ata, na sasa itabidi karatasi iwafuate huko.

NairobiPay ni ya ada za kaunti, kama maegesho. Faini ya korti hailipwi huko.

MkaziWaUmoja
Asanteni sana. Na akikiri halafu tukakosa pesa yote?

Karani_Mstaafu
Lisemwe palepale kabla hakimu hajaita faili lingine: aombe muda, au kulipa kwa awamu, au kazi za jamii chini ya sheria ya 1998. Kama mlitoa dhamana, aombe faini ikatwe humo na salio lirudishwe.

Asipolipa, kifungu cha 28 cha Kanuni ya Adhabu kinaweka ukomo wa kifungo pale sheria ya kosa isiposema vingine: faini isiyozidi 500, siku 14, zaidi ya 500 hadi 2,500, mwezi mmoja, zaidi ya 2,500 hadi 15,000, miezi mitatu. Na hata akishaingia, mkilipa sehemu ya faini, siku zake hupunguzwa kwa kiwango hicho. Msisubiri itimie yote.

Wakili_Pembeni
Nyongeza: yule wa 2,500, hifadhini namba yake na ujumbe wake. EACC, tume ya kupambana na ufisadi, wanapokea malalamiko ya aina hiyo, Integrity Centre, hapo Valley Road.